Mwajiri Anapotaka Kitambulisho Chako: Mwongozo Kamili wa Kulinda Taarifa Zako Kazini

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua karanga katika kituo cha daladala, na nilipozimaliza nikaikunjua karatasi iliyozifunga kabla ya kuitupa. Ilikuwa nakala ya kitambulisho cha mpiga kura cha kijana mmoja. Ilikuwa imegongwa mhuri wa wakili, na kwenye kona ya juu mtu wa ofisini alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu nafasi ya kazi ambayo kijana huyo aliiomba. Jina lake, picha yake na tarehe yake ya kuzaliwa vilisomeka vizuri licha ya mafuta. Ofisi fulani ilikuwa imeuza karatasi zake kwa kilo, na maombi ya kazi ya watu yalikuwa ndani ya mzigo huo. Niliichana vipande vidogo, lakini tangu siku hiyo sijawahi kutoa nakala ya kitambulisho bila kuuliza itawekwa wapi.

Mwongozo huu ni kwa mfanyakazi na mwombaji kazi wa Tanzania ambaye ameambiwa alete kitambulisho, vyeti au nyaraka nyingine, na anataka kujua anapaswa kutoa nini, anaweza kukataa nini, na afanye nini mambo yakiharibika. Msimamo wangu ni huu: mwajiri anayo haki ya kujua wewe ni nani, na wakati mwingine sheria yenyewe inamlazimisha ajue, lakini haki hiyo haimruhusu kuchukua zaidi ya kile kinachohitajika kwa kazi iliyotajwa. Nyaraka nyingi hudaiwa kwa mazoea tu, kwa kuwa fomu ilichapwa zamani na hakuna aliyeipitia tena.

Sheria unazoziegemea

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na ya familia yake. Kwa miaka mingi ibara hiyo haikuwa na sheria mahususi ya kuitekeleza katika suala la taarifa za watu, hadi Bunge lilipotunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inamtambua mwajiri yeyote anayekusanya taarifa za wafanyakazi kuwa ni mkusanyaji, mwenye wajibu wa kujisajili kwa Tume na kufuata misingi iliyowekwa. Misingi hiyo inaeleweka hata kwa asiye mwanasheria: taarifa zikusanywe kihalali na kwa uwazi, kwa lengo lililotajwa, kwa kiasi kinachotosha lengo hilo, ziwe sahihi, zitunzwe kwa usalama, na zisikae muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Sheria ya pili ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake, na kwa upande wa utambulisho wa mfanyakazi kinataja mambo manne tu: jina, umri, anwani ya kudumu na jinsi. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Na. 11 ya mwaka 2005, kwa hiyo msomaji aliyeko Unguja au Pemba azitumie hatua hizi akikumbuka kwamba migogoro ya kazi kwake inapita katika vyombo vya huko.

Fahamu ngazi nne za kutoa kitambulisho

Kabla ya hatua yoyote, jifunze kutofautisha mambo manne ambayo ofisi nyingi huyachanganya katika maneno mawili, "lete kitambulisho". La kwanza ni kuonyesha, yaani unakitoa kitambulisho mfukoni, anakitazama, analinganisha picha na uso wako, anakurudishia. La pili ni kuandikisha namba. La tatu ni kutoa nakala, iwe ya karatasi au picha ya simu. La nne ni kukabidhi chenyewe halisi kikabaki ofisini. Kila ngazi ina hatari kubwa kuliko iliyotangulia, na kila mara unapoulizwa, jitahidi kusimama kwenye ngazi ya chini kabisa inayotosheleza haja ya mwajiri.

Hata namba peke yake si jambo dogo. Namba ya NIDA, yaani namba ya kitambulisho cha Taifa, ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Anayeijua namba yako ameshaijua tarehe yako ya kuzaliwa, na akiwa na nakala kamili anaongeza picha na majina yote matatu, ambavyo ndivyo vitu ambavyo mkopeshaji wa mtandaoni asiye makini huvitaka. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzifungia programu na majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yaliyokuwa yakifanya kazi bila idhini. Wengi tunakumbuka namna baadhi ya wakopeshaji hao walivyokuwa wakituma ujumbe wa kumdhalilisha mdaiwa kwa ndugu, majirani na hata bosi wake. Kukuta jina lako katika mkopo ambao hukuuomba ni tatizo linaloweza kuanza na nakala moja iliyozagaa.

Hatua ya kwanza: uliza ni kwa kazi gani, na uliza kabla ya kutoa

Sheria ya mwaka 2022 inamtaka mkusanyaji akufahamishe lengo la kukusanya taarifa na watu watakaozipokea kabla hajazichukua. Kwa hiyo unapouliza, humkosei mtu adabu. Unamkumbusha wajibu wake. Namna ya kuuliza ndiyo hubeba uzito, hasa kwa mtu ambaye bado hajapata kazi na anaogopa kuonekana mkorofi. Maneno yanayofaa ni kama haya: "Samahani dada, nakala hii inahitajika kwa ajili ya usajili upi, ili nijue nilete ipi?" Swali hilo linakubalika katika ofisi yoyote, na jibu lake litakueleza mengi. Afisa utumishi anayejua kazi yake atasema ni kwa ajili ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, au ni kwa ajili ya kadi ya bima. Asiyejua atasema ndivyo tunavyofanya hapa, na hapo utakuwa umegundua kwamba hakuna lengo lililotajwa.

Jibu likiwa la mdomo tu, liandike katika daftari lako pamoja na tarehe na cheo cha aliyekujibu. Likija kwa ujumbe wa simu au barua pepe, usilifute.

Hatua ya pili: pima ombi kwa kipindi ulichopo

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu nyaraka zilezile zinaweza kuwa halali kudaiwa mwezi ujao na zisiwe na sababu leo.

Unapoomba kazi tu, mwajiri anahitaji kujua sifa zako na namna ya kukupata. Hahitaji nakala ya kitambulisho cha Taifa ya kila mmoja wa waombaji mia tatu ambao atamchagua mmoja wao. Mara nyingi tangazo hudai hivyo, na siwezi kukushauri uikose kazi kwa kugoma, lakini unaweza kuambatisha wasifu na vyeti vilivyotakiwa, kisha ukaandika katika barua kwamba kitambulisho utakionyesha siku ya usaili. Waajiri wengi hukubali. Tangazo linalotaka picha ya kitambulisho pande zote mbili pamoja na hela ya fomu, kupitia namba ya WhatsApp, kabla hata hujajua ofisi ilipo, liache.

Siku ya usaili, kuonyesha kunatosha. Msaili anataka kujua kwamba aliyeketi mbele yake ndiye aliyeomba.

Ukishapewa kazi, sababu za kweli zinaanza, na ni haki kuzieleza kwa ukamilifu, kwa sababu mfanyakazi anayekataa kila kitu anajinyima mafao yake mwenyewe. Mwajiri wa sekta binafsi analazimika kukuandikisha NSSF, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara wako, na usajili unaenda kwa namba ya NIDA. Mtumishi wa umma anaandikishwa PSSSF, mfuko wa hifadhi wa watumishi wa umma. Mwajiri analazimika pia kukata kodi ya mshahara na kuiwasilisha TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, kwa hiyo anahitaji namba yako ya mlipakodi. Ikiwa ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, atakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na atahitaji taarifa za kukutambua kule. Anahitaji pia kujiridhisha na umri wako, kwa sababu sheria inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14, na inakataza kazi hatarishi kwa aliye chini ya miaka 18. Dereva ataombwa leseni, muuguzi ataombwa usajili wa baraza lake, na mgeni ataombwa kibali cha kazi na cha ukaazi. Haya yote yana msingi.

Angalia, hata hivyo, kwamba mengi kati ya hayo yanatimizwa kwa namba. Usajili wa mfuko wa hifadhi unahitaji namba ya NIDA, na TRA inahitaji namba ya mlipakodi. Mwajiri akisema anahitaji nakala ya cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa, kitambulisho cha mpiga kura na hati ya kusafiria kwa pamoja, amedai nyaraka nne kuthibitisha jambo moja. Una haki ya kumwomba achague moja. Kitambulisho cha mpiga kura hasa sioni kinahusiana nini na ajira ya mtu aliye na namba ya NIDA. Kinabaki katika fomu nyingi kwa sababu zilitungwa kabla vitambulisho vya Taifa havijawafikia watu wengi.

Kuhusu vyeti vya elimu, mwajiri ana sababu nzito ya kuwa mwangalifu. Aprili 2017 uhakiki wa watumishi wa umma ulibaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na tangu hapo uhakiki umekuwa mkali zaidi. Mwajiri akitaka kuona vyeti halisi na kuhakiki namba yako ya mtihani, mpe nafasi hiyo. Uhakiki lakini ni kazi ya kuangalia na kulinganisha, na ukikamilika karatasi yako inarudi mkononi mwako.

Hatua ya tatu: andaa nakala isiyoweza kutumika kwingine

Ikiwa nakala inahitajika kweli, iandae wewe mwenyewe. Nenda steshenari ukiwa na kitambulisho chako, simama pale mashine ilipo, na hakikisha unaondoka na kitambulisho pamoja na nakala zote, ikiwamo ile iliyotoka vibaya ambayo kwa kawaida hutupwa kwenye boksi chini ya meza. Kama kitambulisho kilipigwa picha ya simu au kutumwa kwa barua pepe ya duka ili kichapwe, mwombe kijana wa dukani akifute mbele yako. Katika mashine nyingi za steshenari, faili za wateja hubaki kwenye kompyuta kwa miezi, kila mtu akiziona anapotafuta la kwake.

Kisha chukua kalamu ya wino wa bluu na uandike juu ya nakala yenyewe, kwa mstari unaopita kimshazari juu ya sehemu ya picha na namba bila kuzifuta zisisomeke: "Nakala hii imetolewa kwa (jina la mwajiri) kwa ajili ya usajili wa NSSF pekee, tarehe fulani." Weka sahihi fupi mwishoni mwa mstari. Maandishi pembeni mwa karatasi hayasaidii, kwa kuwa yanaweza kukatwa au kufunikwa wakati wa kurudufu. Mstari ukipita juu ya uso wako na namba yako, mtu anayetaka kukopea mkopo kwa nakala hiyo atapata taabu kuutoa, na ikija kuonekana mahali ambapo haikupaswa kuwa, itajieleza yenyewe ilitoka wapi. Nimefanya hivi kwa miaka mingi, na ni mara moja tu karani alinirudishia akitaka nakala safi. Nilimweleza sababu kwa upole, akaipokea.

Kwa nakala ya kielektroniki, andika maneno hayohayo juu ya picha kwa programu ya kuhariri iliyomo kwenye simu kabla ya kuituma. Itume kwa barua pepe ya ofisi badala ya namba binafsi ya mfanyakazi wa ofisi hiyo. Hapa nasisitiza kwa sababu nimeona makundi ya WhatsApp ya wafanyakazi wapya ambamo kila mtu anaambiwa arushe picha ya kitambulisho chake hadharani ili "mkubwa azichukue kwa pamoja". Watu arobaini wanabaki na kitambulisho chako kwenye simu zao, na simu hizo huibiwa, huuzwa, na huchezewa na watoto nyumbani. Ukikutana na hali hiyo, mtumie mhusika peke yake kisha andika kundini kwamba umeshawasilisha.

Hatua ya nne: usiache nyaraka halisi

Mambo mengine katika mwongozo huu yana nafasi ya maelewano. Hili halina. Mwajiri anayetaka kubaki na kitambulisho chako halisi, cheti chako cha kidato cha nne, leseni yako au hati yako ya kusafiria kama dhamana ili usiondoke kazini, anakushika mahali ambapo sheria ya kazi haikumpa mkono. Shirika la Kazi Duniani limeorodhesha kuzuiwa kwa hati za utambulisho kuwa mojawapo ya dalili 11 za kazi ya kulazimishwa, na sababu yake inaonekana wazi: mtu asiye na hati hawezi kuomba kazi kwingine, hawezi kusajili laini ya simu, hawezi kufungua akaunti, na akienda polisi anaanza kwa kuulizwa kitambulisho kiko wapi.

Nilipoanza kazi nikiwa na miaka ishirini na michache, mwajiri wangu alichukua vyeti vyangu halisi akaviweka kwenye kabati lake, akisema ni utaratibu kwa kila anayeshika fedha za ofisi. Nilikubali kwa sababu nilihitaji mshahara. Miezi saba baadaye nilipoitwa kwenye usaili mwingine nililazimika kudanganya kwamba nimefiwa ili nipewe vyeti vyangu mwenyewe kwa siku moja. Namhurumia kijana yule niliyekuwa, na sitaki mwingine asimame pale mbele ya kabati akitunga msiba.

Kwa hiyo fanya hivi. Unapoombwa nyaraka halisi kwa ajili ya kuhakikiwa, zipeleke mwenyewe, kaa zikaguliwe mbele yako, na uondoke nazo. Ikilazimu zibaki kwa siku moja au mbili, dai hati ya makabidhiano inayotaja kila cheti kwa jina na namba, tarehe ya kupokelewa, tarehe ya kurudishwa, jina na sahihi ya aliyepokea, na mhuri. Andika hati hiyo mwenyewe ukienda nayo, kwa sababu ukisubiri waiandike wao huenda isiandikwe. Mwajiri akihofia upotevu wa fedha au mali, zipo njia halali za kujilinda, kama bima na wadhamini.

Nazungumza hasa na wanaoajiri wasichana na vijana wa kazi majumbani. Wengi wetu tumeona kitambulisho cha dada wa kazi kikiwekwa kwenye droo ya mama mwenye nyumba "ili asitoroke". Dada huyo ni mfanyakazi. Mrudishie kitambulisho chake, na kama unataka kumfahamu alikotoka, andika namba yake na mawasiliano ya mzazi au mlezi wake.

Wanaokwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba wakumbuke kwamba hati ya kusafiria ikishuka uwanja wa ndege mikononi mwa wakala au mwajiri, kuirudisha ni kazi kubwa. Oman yenyewe, kupitia waraka wa wizara yake inayosimamia kazi wa mwaka 2006, iliwakataza waajiri kushikilia pasi za wafanyakazi wa kigeni, ingawa kitendo hicho kimeendelea majumbani. Kabla ya kusafiri, acha nakala ya hati yako na ya mkataba kwa ndugu unayemwamini, hifadhi picha zake kwenye barua pepe unayoweza kuifungua kutoka simu yoyote, na uwe na namba ya ubalozi wa Tanzania Muscat au wa nchi unayokwenda, umeiandika kwenye karatasi na si kwenye simu pekee.

Hatua ya tano: simama kidogo kwenye taarifa nyeti

Sheria ya mwaka 2022 inaziweka baadhi ya taarifa katika kundi la taarifa nyeti lenye ulinzi mkubwa zaidi. Kundi hilo linajumuisha alama za vidole na taarifa nyingine za kibayometriki, taarifa za afya, dini na itikadi, uanachama wa chama cha wafanyakazi, taarifa za watoto, makosa ya jinai, na hata miamala ya fedha ya mtu.

Mashine ya vidole ya kuandikia mahudhurio imekuwa ya kawaida, na watu wanaweka kidole bila kuuliza. Namba iliyoibwa inaweza kubadilishwa, lakini kidole hakibadilishwi. Uliza alama hizo zinahifadhiwa wapi, nani anaziona, na zitafutwa lini ukiacha kazi, kisha uliza kama kuna njia nyingine kama kadi au daftari la sahihi. Swali la mwisho ni la maana, kwa sababu mwajiri mwenye mbadala mwepesi anapata shida kueleza kwa nini alihitaji vidole.

Kwa upande wa afya, mwajiri anaweza kuhitaji kujua kama unaiweza kazi, na daktari anaweza kuandika kwamba unaiweza, bila kutaja ugonjwa. Kipimo cha Virusi vya Ukimwi si sharti la kuajiriwa, na kifungu cha 7 cha sheria ya ajira kinakataza ubaguzi kwa sababu ya hali hiyo, pamoja na ujauzito, ndoa, dini, kabila na mengineyo. Ulinzi huo unamfikia hata mwombaji kazi. Fomu inayouliza kabila lako au dini yako, acha sehemu hiyo wazi.

Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vinahitajika unapowaandikisha wategemezi kwenye bima ya afya. Kama huwaandikishi, hakuna haja ya majina yao kukaa kwenye faili lako. Taarifa ya miamala ya benki au ya simu haithibitishi utambulisho wa mtu, na anayeitaka ili kujua mwajiri wako wa zamani alikulipa kiasi gani anataka kujua kingine kabisa.

Wadhamini

Ofisi ikitaka wadhamini wawili na nakala za vitambulisho vyao, kumbuka kwamba taarifa hizo ni za kwao. Waeleze nakala inakwenda wapi na kwa nini, waandike mstari uleule wa kimshazari juu yake, na usitumie tena kwa kazi nyingine nakala uliyobaki nayo kutoka mwaka jana.

Hatua ya sita: omba kuona kilichomo kwenye faili lako

Mfanyakazi ana haki ya kujua taarifa zake zilizohifadhiwa, kusahihisha zilizokosewa, na kuomba zilizokosa sababu zifutwe. Si haki ya kusubiri ugomvi. Majina yaliyokosewa herufi moja kati ya NIDA na mfuko wa hifadhi yamewazungusha wastaafu wengi, na ni rahisi kuyarekebisha ukiwa bado kazini. Andika barua fupi:

"Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, naomba kufahamishwa taarifa zangu binafsi mlizo nazo, lengo la kila moja, na taasisi au watu waliopewa taarifa hizo. Naomba pia nakala ya kitambulisho cha mpiga kura niliyoiwasilisha tarehe fulani irejeshwe au iharibiwe, kwa kuwa usajili uliohitajika umekamilika kwa namba ya NIDA."

Ipeleke nakala mbili, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa, nawe ubaki nayo.

Ukiacha kazi, usidai kila kitu kifutwe siku hiyohiyo. Kifungu cha 15 cha sheria ya ajira kinamtaka mwajiri atunze maelezo ya maandishi ya ajira kwa miaka mitano baada ya ajira kukoma, na maelezo hayo yanaweza kuja kukusaidia wewe. Unachoweza kudai mara moja ni alama zako za vidole ziondolewe kwenye mashine, nakala za vyeti vya watoto zirudishwe, na upewe cheti cha utumishi. Ikiwa uliomba kazi na hukuipata, omba kwa maandishi nyaraka zako ziharibiwe, la sivyo zinaweza kuishia kwa muuza karanga.

Hatua ya saba: mambo yakiharibika

Anza ndani ya ofisi, kwa barua kwa msimamizi wa rasilimali watu au afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi kama yupo, ukieleza tukio, tarehe na unachotaka kifanyike. Kama kuna chama cha wafanyakazi, mwambie mwakilishi wa tawi. Malalamiko mengi huishia hapo, kwa sababu kosa lilitokana na mazoea.

Usiposikilizwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ukiambatisha barua yako yenye mhuri wa kupokelewa, jibu ulilopewa au maelezo kwamba hukujibiwa, na ushahidi kama picha ya ujumbe. Tume inaweza kuchunguza, kumwamuru mkusanyaji arekebishe, na kumtoza faini inayoweza kufika shilingi milioni 100. Sheria inatoa pia nafasi ya kudai fidia kwa madhara uliyopata.

Kama umefukuzwa kazi kwa sababu ulikataa kuacha hati halisi au ulitumia haki hizi, njia ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi wanaijua kama CMA. Kifungu cha 37 cha sheria ya ajira kinasema si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi kwamba alikataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana ruhusa kisheria kumtaka alifanye, au kwamba alitumia haki aliyopewa na sheria yoyote. Tambua mapema kwamba kinga hiyo ya kuachishwa isivyo halali haimhusu aliye na chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo, na ndiyo maana katika miezi ya mwanzo kuuliza kwa maandishi na kwa upole ni salama kuliko kugoma.

Kama unashuku kitambulisho chako kimetumiwa, piga *106# uone laini za simu zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, na usiyoitambua ifikishe kwenye ofisi ya mtandao husika ifutwe. Toa taarifa polisi na uchukue namba ya taarifa, kwa kuwa benki na wakopeshaji wataiulizia. Yote haya yana haraka yake, na yenye muda mfupi kuliko yote ni shauri la kuachishwa kazi: fomu ya CMA inatakiwa ijazwe na kuwasilishwa ndani ya siku 30 tangu ulipoachishwa, na migogoro mingine ya kazi ndani ya siku 60, kwa hiyo siku ya kupokea barua iandike juu ya bahasha yenyewe na uanze kuhesabu kutoka hapo.